Maji Mafupi

Bibi Nieleze hakupewa jina hilo na mama yake. Alibandikwa na watoto wa mtaa, na sababu yake ilikuwa moja tu: katika chumba chake cha nyuma, neno "nimeelewa" lilikuwa marufuku. Mtoto akiliropoka, bibi alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani taratibu, kisha akasema, "Umeelewa? Hongera. Sasa nieleze mimi, na ujue mimi ni mjinga wa mwisho." Hapo ndipo mtu alipoanza kujikuna kichwa. Wengi waligundua wameelewa robo, na wengine walikuwa wameelewa kichwa cha habari peke yake.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Alipostaafu, watu walimwambia apumzike. Apumzike na nini? Hana mume, marehemu alitangulia zamani, na mwanawe yuko mbali huko, anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama mama amekula. Mama amekula, ndiyo, lakini mama anataka kufundisha. Basi akatoa kitanda cha wageni katika chumba cha nyuma, akaingiza meza ndefu, mabenchi mawili na ubao uliokwanguka pembeni, na kila siku ya shule, saa kumi alasiri, watoto saba wa mtaani walikuja na madaftari yao. Aliyeshindwa hesabu za sehemu alikata chapati za karatasi, aliyeshindwa insha aliambiwa kwanza aisimulie kwa mdomo, tena kwa vichekesho.

Ili kufika chumba cha nyuma ilibidi kupita chumba cha mbele, na chumba cha mbele kilikuwa himaya ya mdogo wake, fundi cherehani. Huyo alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, ila moyo wake laini. Watoto wakiingia aliwakagua sare, akawaambia nani amechanika wapi, kisha akawapelekea maji ya kunywa kwenye sinia. Ndiyo ilikuwa kazi yake katika elimu, na alijisifu nayo.

Sasa, kilichowafanya watoto waache mpira na kuja kwa Bibi Nieleze si hesabu. Ni kopo. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, mfuniko umetobolewa kwa kisu, na ndani yake kila mtoto alitumbukiza swali moja kwa wiki. Si swali la shule. Swali lake mwenyewe, lile linalomkosesha raha. Kwa nini kitunguu kinaliza na karoti hailizi? Kipofu akiota, anaona nini? Paka akianguka, nani humwambia ageuke? Karatasi haikuwa na jina, maana bibi aliwajua watoto: akijulikana, atauliza swali la kutafuta makofi. Ijumaa kopo lilifunguliwa, maswali yakasomwa, na msako ukaanza. Siku moja walikwenda wote kwa fundi baiskeli kuhesabu meno ya gia. Siku nyingine walikata vitunguu kilo nzima, wakalia kama wako msibani.

Ijumaa ninayotaka kuisema mimi ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa bado kali, cherehani ilikuwa inalia huko mbele. Bibi alimwaga kopo mezani, akahesabu karatasi kwa mazoea. Nane.

"Nani ameandika mara mbili?" aliuliza. "Sitamla mtu."

Wakatazamana. Hakuna. Mapacha wakashtakiana, kama kawaida yao. Binti wa muashi, ambaye wenzake walimwita Kipimo kwa sababu alipima kila kitu kwa shibiri, toka meza hadi pua ya pacha wa pili, alitikisa kichwa tu.

Bibi alianza kusoma. Alipofika karatasi ya nane, mkono ukasita. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la miraba, la zamani, karatasi imekuwa rangi ya chai. Mwandiko ulikuwa wa penseli, wa herufi za kuunganisha, zile zilizokuwa zikifundishwa enzi hizo na ambazo siku hizi hakuna mtoto anayeziandika. Iliandikwa hivi: *Mwalimu, kwa nini maji yakitulia yanakuwa mafupi?*

Hakuna mtoto pale aliyemwita Mwalimu. Wote walimwita Bibi. Akaikunja karatasi, akaichomeka kwenye mkono wa sweta lake, akasema, "Hii haisomeki." Ilikuwa mara ya kwanza kuwadanganya.

Jioni, watoto walipokwisha kwenda, fundi cherehani aliingia kukusanya vikombe. Vilikuwa vinane. Saba vitupu, cha nane kimejaa hadi ukingoni, mwisho wa benchi, karibu na mlango.

"Dada, huyu wa mwisho mbona hanywi maji? Siku ya tano leo. Ananuna nini?"

"Wa mwisho yupi?"

"Si yule wa nane."

"Wako saba, mdogo wangu. Wamekuwa saba tangu muhula uanze."

Fundi cherehani alisimama na sinia lake, akahesabu vikombe kwa kidole, akahesabu tena. "Basi mimi nazeeka," akasema. Lakini hakucheka, na huyo ni mtu anayecheka hata akijichoma sindano.

Haya, ngoja niseme sasa kile ambacho Bibi Nieleze hakuwahi kumwambia mtu, hata huyo mdogo wake aliyenyonya naye ziwa moja.

Miaka thelathini na mmoja nyuma, akiwa mwalimu kijana wa darasa la tano, anayependa viatu vya kisigino na ukimya darasani, msichana mmoja wa benchi la nyuma, karibu na mlango, alinyoosha mkono. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa barabara kulikuwa na shimo walimochimba mawe, lipo hadi leo, nalo lilikuwa limejaa maji ya mvua, maangavu, unaona mawe chini kabisa. Msichana akauliza: "Mwalimu, kwa nini maji yakitulia yanakuwa mafupi?"

Ukweli ni kwamba mwalimu hakujua. Somo la mwanga lilikuwa la madarasa ya mbele, na yeye mwenyewe alilipita chuoni kwa kukariri. Lakini atamkeje "sijui" mbele ya watoto hamsini? Akakamata kosa la Kiswahili. "Maji mafupi ndiyo maji gani? Maji si kamba. Maji yana kina. Kwanza hiyo haimo kwenye mtihani. Kaa chini." Darasa likaangua kicheko, mbavu hawana. Msichana akakaa.

Jumamosi alikwenda shimoni na fimbo aliyoichora alama kwa kisu, apime. Waliokwenda kumtafuta walikuta fimbo inaelea.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na la msichana lilikuwemo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na lile swali, na chini yake: *Mwalimu hajui. Nitapima mwenyewe.* Alitakiwa kulipeleka daftari kwa mama wa mtoto. Hakulipeleka. Alisema hana. Mama yule alikufa bila kuona mwandiko wa mwisho wa mwanawe, na daftari likabaki chini ya shuka za akiba katika kabati la mwalimu, limefungwa kwa ufunguo alioutundika shingoni. Kwa hiyo watu walipomsifu kwamba amezaliwa na moyo wa kufundisha, yeye alikuwa akiinamisha kichwa. Si moyo. Ni hofu ya kumwambia mtoto mwingine kaa chini.

Ijumaa ya pili alihesabu karatasi kabla ya kuzikunjua. Nane. Hiyo ya nane ilisema: *Mwalimu, swali langu hukulisoma.*

Siku hiyo aliwaaga watoto mapema, eti kichwa kinamuuma. Akaingia chumbani, akafungua kabati kwa ufunguo wa shingoni, akafukua shuka. Daftari lilikuwa pale pale, na vumbi lake. Akalifungua. Katikati, kurasa mbili zilikuwa zimechanwa. Akazitoa zile karatasi za kopo, akaziweka juu ya mabaki ya kurasa, na meno ya karatasi yakakutana, hili na hili, bila kuacha hata upenyo. Alikaa chini sakafuni, mwanamke wa miaka sitini na tano, akasema kwa sauti, "Nisamehe." Huko mbele cherehani ikanyamaza, na mdogo wake akauliza, "Unasema na nani, dada?"

Jumatano muashi alipita na vumbi lake la saruji, akabisha mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

"Sikai. Nauliza tu, binti yangu hajasahau timazi yangu hapa? Ule uzi wenye chuma chenye ncha, wa kuangalia ukuta kama umesimama. Sijaiona tangu juzi, na bila timazi nitajenga nyumba iliyolewa."

Bibi alicheka kidogo kwa adabu, akasema hajaiona, na hakuwaza zaidi. Kosa lake lilikuwa hilo. Alikuwa akimwogopa aliyekufa kiasi cha kusahau kuwaangalia walio hai. Kila alasiri macho yake yalikuwa kwenye mwisho wa benchi, pale karibu na mlango, na hakumwona Kipimo akisogea kidogo kidogo kila siku kuelekea upande huo, akikaa kiupande, kama anayemwachia mtu nafasi.

Ijumaa ya tatu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika asubuhi. Mtaa ulikuwa na madimbwi, anga limeoshwa. Bibi alimwaga kopo, akaichagua karatasi ya rangi ya chai kwanza, maana alishachoka kuikimbia. *Kesho tunakwenda kupima wenyewe.*

Tunakwenda.

Aliisoma mara mbili. Akainua macho, akatazama watoto saba mmoja mmoja, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Timazi ina uzi mrefu, na chuma kizito cha kuzama. Timazi haipimi ukuta tu, hupima na kina. Akamwona Kipimo ameukumbatia mfuko wake wa shule kwa mikono miwili.

Angeweza kumnyang'anya mfuko. Angeweza kufoka, kumwita baba yake, kumkataza shimo hadi kiama. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kumkataza mtoto bila kumjibu ni kumwambia kaa chini kwa maneno mengine, na yeye alijua hilo linaishia wapi. Akajikaza.

"Leo tunaanza na swali moja," alisema. "Nimelificha wiki mbili, na nimewadanganya kwamba halisomeki. Linasomeka vizuri." Akalisoma: kwa nini maji yakitulia yanakuwa mafupi.

Pacha wa kwanza akaanza kucheka. "Maji mafupi! Maji..."

"Acha," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa ya kumfanya mtu ameze kicheko kizima. "Swali ni zuri kuliko Kiswahili changu. Liliulizwa mbele yangu zamani na msichana wa umri wenu, nami sikujua jibu. Nilitakiwa kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi, halina hata mifupa. Badala yake nilimfanya achekwe, nikamwambia akae. Akaenda shimo la mawe kutafuta jibu peke yake, na hakurudi." Fimbo hakuwatajia. Alishindwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nimechelewa miaka thelathini na mmoja. Leo namjibu."

Akamwita mdogo wake alete bakuli la bati na kifungo. Fundi cherehani alileta kifungo cheusi cha koti, akabaki amesimama mlangoni. Bibi akakiweka kifungo katikati ya bakuli, akawapanga watoto kwenye mstari, akawaambia warudi nyuma polepole hadi ukingo wa bakuli uwafichie kifungo. "Mnakiona?"

"Hatukioni."

"Msisogee. Hata ukucha." Akamimina maji kutoka kwenye jagi. Maji yakapanda, na kifungo kikachomoza machoni pa wote, kimekaa juu, kimya, wala hakuna aliyekigusa. Mtoto mmoja aliguna. Kipimo alifungua mdomo.

"Kifungo kiko chini pale pale," bibi alisema. "Mwanga ukitoka majini kuja hewani unapinda. Jicho halijui habari hiyo. Jicho linadhani mwanga umenyooka tangu mwanzo, basi linakiweka kifungo juu kuliko kilipo. Na chini ya shimo ni hivyo hivyo. Unayaona mawe, unasema hapa yatanifika kiunoni, unaingia. Kumbe yanakupita. Maji yakitulia hayafupiki, wanangu. Yanadanganya."

Kipimo akafungua mfuko wake, akatoa timazi ya baba yake, uzi umefungwa vifundo, kila shibiri kifundo. Akaiweka mezani karibu na bakuli.

"Bibi, mimi sikuandika ile karatasi," alisema. "Mimi niliandika ya kitunguu chekundu na cheupe. Nilitaka kuuliza hiyo ya maji, lakini yeye aliniambia ameshauliza na wewe hutaki kumjibu. Akasema tukapime wenyewe kesho."

"Yeye nani, mama?"

Kipimo alionyesha kwa kidevu mwisho wa benchi, karibu na mlango, kama mtu anayeonyesha kitu kisicho na ajabu. "Huyu. Alisema safari hii tutafika, maana uzi wa baba yangu ni mrefu kuliko fimbo yake."

Watoto wengine waliruka upande wa pili wa meza, mmoja akaangusha benchi. Fundi cherehani, pale mlangoni, alianza kusali kwa sauti ya chini, maneno yakimgonga meno. Mwisho wa benchi hapakuwa na mtu. Palikuwa na kikombe cha maji, kimejaa, na maji yake yalikuwa yametulia tuli ingawa meza yote ilikuwa inatetemeka.

Bibi Nieleze alizunguka meza. Akapiga magoti mbele ya ile nafasi, ana kwa ana na hewa tupu. Ubaridi ulimpiga usoni, ule wa kuinamia kisima.

"Huyu humchukui," alisema. "Huyu ana baba anamsubiri. Kama una neno, niulize mimi. Jibu nimekupa, na kosa lilikuwa langu. Na daftari lako ninalo, nililificha, mama yako hakuliona. Hilo pia ni langu. Lakini humu ndani sheria ni moja kwa wote. Usiniambie umeelewa. Nieleze."

Hakuna kilichojibu. Taratibu watoto wakainua benchi. Kipimo akasema, "Ameondoka," kisha akaanza kulia, na fundi cherehani akamkumbatia hadi muashi alipokuja kumchukua.

Jumamosi walikwenda shimoni, lakini walikwenda mchana, watu wazima sita na watoto saba, kila mtoto ameshikwa mkono. Kutoka ukingoni kila mmoja alikadiria kwa macho. Wengi walisema shibiri tano, kiuno cha mtoto. Muashi akashusha timazi yake, akahesabu vifundo, akahesabu tena. Nane na ushee. Wiki ile ile wakazungushia shimo ukuta wa matofali, na muashi hakutaka hata asante.

Ijumaa ya nne bibi alimwaga kopo. Karatasi nane. Akaikunjua ile ya rangi ya chai. Penseli ilikuwa imekandamizwa sana, kama ya mtoto anayejitahidi kuandika vizuri:

*Mwanga ukitoka ndani ya maji unapinda. Jicho linafikiri umenyooka. Kwa hiyo chini panaonekana karibu na kumbe ni mbali. Ndiyo maana maji yanaonekana mafupi. Mimi nilifikiri ni kiunoni.*

Pembeni alichora bakuli na kifungo.

Bibi alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaomba kalamu nyekundu. Aliliona lile neno mafupi, ualimu haujamtoka, akalipita bila kuligusa. Akaweka alama ya vema, kubwa, chini ya mstari wa mwisho, na jioni akairudisha karatasi ndani ya daftari, mahali pake.

Mdogo wake alipoleta sinia jikoni, vikombe vyote vinane vilikuwa vitupu.